Kulala ghorofa ya klabu pale Animal Kingdom Lodge (Disney, Florida): nani alipe, nani aache

MamaWawili_TX

Wakuu habarini za wikendi. Tangu niweke zile picha za twiga kwenye uzi wa wanadiaspora inboksi imejaa, na wengi wanauliza kitu kilekile, hiyo klabu levo ni nini na je inalipa au ni kupigwa kistaarabu. Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja nimwage hapa wote msome. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite zake.

Kwa wasiojua, Walt Disney World ya Florida si uwanja mmoja wa bembea. Ni eneo kubwa karibu na mji wa Orlando, lilifunguliwa 1971, lina paki nne (Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom) na mahoteli yao wenyewe zaidi ya ishirini. Kwenye baadhi ya hoteli, hasa zile za bei ya juu, kuna vyumba vya klabu. Kitanda kilekile, bafu lilelile, unachoongezea hela ni ruhusa ya kuingia launji ambako kuna chakula na vinywaji tangu asubuhi mpaka saa nne usiku, na pia mnakuwa na watu wenu wa mapokezi ambao ukikwama unaenda kwao moja kwa moja, iwe ni kubuki mgahawa, tiketi inagoma kwenye simu, au hujui basi la kwenda wapi linapita saa ngapi.

Sisi tulikaa Animal Kingdom Lodge, upande wa Jambo House, launji yake inaitwa Kilimanjaro Club. Nilikuwa na watoto wangu wawili na bi mkubwa ambaye alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Karagwe, baba watoto alibaki Texas anapiga shifti. Hoteli imezungukwa na mbuga walizotengeneza wenyewe, ukipata chumba cha upande huo unatoka barazani na chai yako unakuta twiga anapita hapo chini, pundamilia, mbuni, na wale ng'ombe wa Ankole wenye mapembe makubwa. Simba na tembo hapo hotelini hakuna msije mkadai, hao wako ndani ya paki ya Animal Kingdom kwenye ile safari ya lori.

Launji iko ghorofa ya sita, unaangalia chini unaona ukumbi mkuu wote na lile paa la makuti. Asubuhi kuanzia saa moja kuna mikate ya kila aina, matunda, uji wa shayiri, jibini, kahawa ya mashine. Chai nzito ya maziwa hakuna, bi mkubwa alikuwa anajichemshia chumbani. Mchana vitafunio vidogo vidogo. Saa kumi na moja jioni mpaka saa moja hivi ndio mlo wenyewe, supu, hamasi ya kuchovyea mkate, mboga za kuokwa, wali, nyama kidogo, vyakula vinafanana na vile vya Boma, mgahawa wao mkubwa wa bafe hapo chini, na kuna mvinyo na bia bila kulipia zaidi. Baadae usiku wanaweka vitu vitamu. Saa zinabadilika badilika, ratiba utapewa ukifika.

Sasa msimamo wangu niseme mapema ili tusizungushane. Klabu ni ya mtu anayekaa hotelini. Kama mpango wako ni kutoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi paki na kurudi saa nne usiku miguu inawaka, hiyo hela unaitupa, kachukue chumba cha kawaida. Mimi nililipa kwa sababu ya mama. Goti halimruhusu kutembea paki siku nzima na yale matreni ya kurushwa hewani hata kuyaangalia hataki. Sisi tukienda huko kwenye foleni yeye anabaki na launji yake, baraza lake, na hao ng'ombe. Siku ya kwanza tu alinipigia simu niko Magic Kingdom, nikashtuka nikajua kaanguka, kumbe anataka kuniambia kuna ng'ombe wa kwao hapa chini na wamenona kuliko wa kaka yake.

Karibuni maswali.

Chuma cha Reli

Mimi twiga nawaona bure nikipanda basi la Mbeya, barabara inakatiza katikati ya Mikumi, na kondakta ananipa soda. Ulilipa shilingi ngapi dada ili na sisi tuumie pamoja na wewe?

MamaWawili_TX

@Chuma cha Reli hahaha nilijua utakuja. Bei yangu sisemi, ndoa ina siri zake. Ila ujue kwamba chumba cha klabu cha kuangalia wanyama, shule zikiwa zimefungwa, kinaweza kupita dola 1,000 kwa usiku mmoja na bado hujaweka kodi, na kodi ya hoteli pale ni asilimia 12.5. Miezi ya watu wachache inashuka. Tofauti kati ya chumba cha kawaida na cha klabu kwenye hoteli ileile inaweza kufika dola 200 kwa usiku au zaidi, kwa hiyo hiyo tofauti ndiyo ya kupigia hesabu, sio bei nzima, maana kulala ungelala tu.

Chuma cha Reli

Zaidi ya milioni mbili za madafu kulala usiku mmoja 🙌🏾 mimi hapo naezeka nyumba upande mmoja. Nimekaa pale naendelea kusoma.

Shangazi wa Tabata

Hiyo hesabu ya tofauti tuifanye basi mwanangu. Nyie wanne. Chakula cha launji kinaokoa shilingi ngapi ukweli ukweli bila kujifariji?

MamaWawili_TX

@Shangazi wa Tabata shikamoo shangazi. Ukweli ukweli, inategemea mnakulaje. Bafe la Boma usiku mtu mzima anapita dola 50 kabla ya kodi na tipu, na Disney mtoto akishafika miaka 10 anahesabiwa mkubwa, yaani kijana wangu wa kwanza analipishwa kama baba yake. Kwa hiyo usiku mmoja wa watu wanne kwenye bafe unakaribia kuila tofauti yote ya klabu. Lakini swali ni je, ungeenda kula bafe kila siku? Sisi hatungeenda. Tungekula baga ya dola 15 pale The Mara, mgahawa wao wa kawaida, tukalala. Kwa hiyo wale wanaosema klabu inajilipa yenyewe kwa chakula wanalinganisha na mlo ambao wasingeununua, hiyo si hesabu ni kujipa moyo. Ikiwa familia yako ni ya kubeba vyakula kwenye kibegi na kuchemsha tambi kwenye maikrowevu, klabu haitakurudishia hela hata siku moja, na hakuna ubaya, wengi tunaishi hivyo.

Inakorudi kidogo ni kwenye vitu vya katikati. Maji, juisi, kahawa, biskuti za watoto saa tisa mchana wakirudi kuogelea. Huko Disney kila kitu kidogo ni hela na mtoto hachoki kuomba.

Mtu wa Kayole

Wasee hebu niwape upande mwingine. Mimi nilienda Orlando na hiyo klabu ya Disney niliangalia nikaona hapana, na sababu ni moja, haikatizi foleni. Mtu analipa doo yote hiyo halafu anasimama kwenye jua la Florida kama mimi tu nimetoka moteli ya barabarani. Kukatiza foleni unalipia kando, ile Lightning Lane, na hiyo kila mtu anauziwa.

Lakini vuka uende Universal, wapinzani wa Disney, hapo hapo Orlando. Hoteli zao tatu za juu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, ukilala chumba chochote, hata kile cha bei ya chini kabisa cha hapo, unapewa Express ya bure ya kukatiza foleni kwa kila mtu aliye chumbani, mara nyingi utakavyo, kwenye zile paki mbili za zamani. Ile paki mpya ya Epic Universe iliyofunguliwa 2025 haimo, hiyo mjue. Hizo hoteli pia zina klabu zake lakini mimi sikuhitaji, chumba cha kawaida kilinipa nilichokitaka. Kama una mateenija wa kupanda kila mashine mara tano, usiende kununua launji, nunua foleni.

MamaWawili_TX

@Mtu wa Kayole umeongea point tupu kaka. Niongeze kwa upande wa Disney, vile vya foleni na kuwahi mlango vinatoka kwa kulala kwenye hoteli zao, sio kwa klabu. Kila anayelala hoteli ya Disney hata ile ya bei rahisi anaingia paki nusu saa kabla ya wengine, na Lightning Lane anaanza kuibuki siku 7 kabla wakati wa nje wanasubiri siku 3. Hoteli za bei ya juu zinaongezewa usiku fulani fulani kubaki paki baada ya wengine kufukuzwa. Hiyo nayo unapata hata bila klabu.

Zamani ilikuwa tofauti kidogo. Mwaka 2018 waliweka mpango watu wa klabu walipie dola 50 kwa kichwa kwa siku wapate nafasi tatu za ziada za FastPass, ule mfumo wa zamani wa kukatiza foleni, hiyo ikafa pamoja na FastPass yenyewe. Na hapo Animal Kingdom Lodge kulikuwa na safari ya alfajiri ya wageni wa klabu tu, mnaingia mbugani kabla paki haijafunguliwa. Nayo haipo. Kwa hiyo mkisoma blogu za zamani mkaona watu wanaisifia klabu mpaka machozi, angalieni tarehe ya hiyo blogu kwanza.

Jirani wa Muscat

Assalam alaykum. Mie nataka kuuliza la chakula. Sisi ni familia ya Kiislamu, watoto wangu wadogo na hapo umesema mvinyo uko wazi. Pakoje pale? Na nyama je?

MamaWawili_TX

@Jirani wa Muscat waalaykum salaam kaka. Niseme kama nilivyoona. Jioni bia na mvinyo vipo kwenye kona yake na watu wanakunywa hapo hapo launji, watoto wanapita na sahani zao, si baa ya makelele ila ipo na utaiona. Ukiona haikufai jioni, nenda asubuhi na mchana halafu usiku mle kwingine.

Nyama usidhani ni halali kwa sababu hoteli ina majina ya Kiafrika. Andika mahitaji yenu wakati wa kubuki na ukifika uliza tena, Disney kwa mambo ya mzio na miiko ya chakula hawachoki kuulizwa, mpishi mwenyewe anakuja mezani mkiongea. Mboga, dengu, hamasi na mikate ni vingi, njaa hamlali.

La muhimu kuliko yote ni zile Zebra Domes. Ni keki ndogo za duara zenye michirizi ya chokoleti, usiku watu wanazipigania na watoto wanazibeba nne nne. Mapishi yake ya asili yana Amarula, ile likaa (pombe tamu) ya krimu ya Afrika Kusini inayotokana na matunda ya marula, na jelatini (ya mifupa na ngozi za wanyama) pia. Ulizeni kabla mtoto hajaweka mdomoni.

Jirani wa Muscat

Allah akulipe kheri dada. Hilo la keki hakuna angeniambia. Sisi kwa kawaida tunakwenda Dubai, Atlantis ile ya kwenye Palm, nako kuna Imperial Club yao, na anayelala hapo anaingia Aquaventure bila kulipa tiketi. Kwetu ni mwendo wa gari. Bi harusi wangu anasema afadhali huko, bibi yake mwenyewe akiambiwa apande ndege masaa yote hayo kwenda kuangalia punda milia atatutoa mbio.

Fundi Saa

Nyie mnaolia bei mnajua kuna mlango wa nyuma? Disney wana mfumo wao wa umiliki wa pointi, DVC. Wenye pointi wasiozitumia wanazikodisha, pointi moja huzunguka dola 20 hivi kutegemea mwenye nazo na wakati. Jambo House ni moja ya sehemu chache ambazo vyumba vya klabu vinapatikana kwa pointi, na ukipiga hesabu mara nyingi inatoka chini sana ya bei ya kaunta.

Ubaya wake. Vyumba hivyo ni vichache mno. Mwenye umiliki wa hoteli hiyo hiyo anaanza kubuki miezi 11 kabla, wengine wote miezi 7, kwa hiyo ukingoja miezi 7 mara nyingi unakuta watu washachukua. Na kukodi pointi mara nyingi hakuna kurudishiwa hela, ukiahirisha imekula kwako. Kama likizo yako hujaidhinishiwa na bosi usiguse.

MamaWawili_TX

@Fundi Saa hilo ni neno kaka. Mimi likizo yangu ilikuwa haijakaa sawa ndio maana nikabuki kawaida.

Binti Kibokoni

Dada ahsante kwa ufafanuzi. Mie nipo Uingereza, Florida ni mbali na watoto bado wadogo. Paris je? Mumewe shoga yangu amemwahidi, nami nataka niende na habari zote nimtie wivu mume wangu.

MamaWawili_TX

@Binti Kibokoni 😂😂 wivu mzuri huo. Paris ninachokijua ni kwamba ile Disneyland Hotel, iliyokaa juu ya lango lenyewe la kuingilia paki, ilifungwa muda mrefu ikafanyiwa ukarabati ikafunguliwa tena Januari 2024, na klabu yake inaitwa Castle Club. Hiyo ni nyota tano bei yake ya kujipanga. Kuna klabu pia kwenye Newport Bay na Hotel New York ambazo ni nafuu kuliko hiyo. Treni ya moja kwa moja kutoka London mpaka mlangoni pa Disney waliiondoa 2023, sasa mnabadilisha Lille au Paris, lakini stesheni ya mwisho bado ni pale pale mlangoni.

Na pale, kwa vile kutoka hotelini mpaka ndani ni kutembea tu, klabu ina maana zaidi kuliko huku kwetu, mtoto akichoka mnarudi mnakula mnalala kidogo mnaenda tena. Animal Kingdom Lodge iko pembeni peke yake. Hakuna treni ya juu wala zile gari za waya, ni basi tu, na kwenda Magic Kingdom ni safari. Huwezi kusema narudi mara moja kunywa chai launji. Ukitaka klabu ya kurudi rudi mchana pale Florida angalia Contemporary, unatembea kwa mguu mpaka lango la Magic Kingdom, au Yacht Club na Beach Club zilizo nyuma ya EPCOT. Na anayetaka kuonja klabu kwa bei ya chini kidogo kuna Coronado Springs, mnara wa Gran Destino, launji yake ni Chronos Club, nasikia jioni ni pazuri ila mimi sijalala hapo.

Chuma cha Reli

Swali la kimasikini. Mtu akitaka kuona hao wanyama na hana hela ya kulala hapo wanamfukuza getini?

MamaWawili_TX

Si la kimasikini, hilo ndilo swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Hawamfukuzi mradi awe na buking ya chakula au amekuja na basi lao. Nyuma ya ukumbi mkuu wa Jambo House kuna njia mpaka kwenye mwamba wa kuangalilia, mgeni yeyote anasimama hapo. Na upande wa pili, Kidani Village, kuna mgahawa unaitwa Sanaa, madirisha yake yanaangalia mbuga, unaagiza sinia lao la mikate, mikate mitano na vichovyeo tisa, wanakula watu watatu, twiga yuko dirishani. Ni chapati za Kihindi na achari, Mswahili yeyote hapo yuko nyumbani. Buki mapema, siku 60 kabla ndio dirisha linafunguka. Mkifanya hivyo mchana mmoja na mkalala hoteli ya bei rahisi, mmepata kwa maoni yangu nusu nzuri ya ile hoteli bila hiyo milioni mbili yako.

Na hata ukiamua kulala hapo, ukilazimika kuchagua kimoja kati ya klabu na chumba cha kuangalia wanyama, chukua wanyama bila kufikiri. Vyumba vya klabu si vyote vinaangalia mbuga, soma vizuri kabla ya kubonyeza lipa. Kukaa launji nzuri na chumbani unaangalia maegesho ya magari, hapo ndio utakumbuka basi la Mbeya.

Shangazi wa Tabata

Na huyo bi mkubwa alikuwa anabaki peke yake siku nzima na lugha yenyewe haijui? Mimi mama yangu ningeogopa.

MamaWawili_TX

Shangazi hata mimi niliogopa. Kwanza nikaongea na wale wa mapokezi wa launji, nikawaambia mama yangu atakuwepo, Kiingereza chake ni cha salamu, namba yangu hii. Wafanyakazi wa Disney kitambulisho cha kifuani kinaandika na walikotoka, na pale kuna wa kutoka nchi za Afrika, mmoja alikuwa anajua Kiswahili kidogo, basi mama akampata mtoto wa kumtuma. Akiingia anachotewa supu. Akasema hapa wananiheshimu kuliko nyumbani kwako, nikanyamaza nifanyeje. Hii ndiyo sehemu ya klabu ambayo kwenye hesabu ya Shangazi haionekani, chumba cha kawaida ningebaki naye tu hotelini au ningemkodia kiti cha magurudumu tukokotane naye huko kwenye joto.

Kwa hiyo kama safari yenu ina mzee, au mama mjamzito, au mtoto anayenyonya na mama yake anahitaji pa kukaa, hapo mimi nasema fikirieni. Vijana wanne wenye nguvu, wasikilizeni watu wa Kayole.

Mtu wa Kayole

😎

Kijana wa Kahama

Mkuu ni mwezi gani hela inapungua? Na uwanja wa ndege mnafikaje hotelini, nasikia kuna basi la bure.

MamaWawili_TX

Basi la bure lilikufa mwanzoni mwa 2022, sasa ni kulipia basi la kampuni binafsi au Uber. Bei kwa kawaida inalegea mwisho wa Agosti na Septemba shule zikifunguliwa Marekani, na Januari sikukuu zikishapita. Ila Septemba ni jua la kukaanga na ni msimu wa vimbunga, unaanza Juni mpaka mwisho wa Novemba, kwa hiyo chukua bima au buki kitu cha kuahirishika.

Kijana wa Kahama

Shukrani. Na viza ya B2 (ya matembezi) nayo ukisema unaenda Disney wanakupa au wanacheka?

MamaWawili_TX

Hiyo ya viza kaka fungua uzi wake, tukiianza hapa kurasa kumi zijazo zitakuwa za ubalozi tu na mwenye swali la twiga hatapata pa kuuliza.